Mkandaji asiachwe peke yake

Kazi ya kukanda miili ya watu hufanywa na mtu mmoja, ndani ya chumba kidogo, mlango ukiwa umerudishwa. Fundi magari akishindwa na gari humwita jirani yake aje asikilize injini. Mkandaji akishindwa hana wa kumwita. Mteja akipeleka mkono pasipo pake, anapambana naye mwenyewe. Gumba likianza kumuuma analificha, maana mwenye saluni akijua atamtafuta mwingine. Akikuta uvimbe asioujua mgongoni mwa mteja, anaamua peke yake aukande au auache. Jioni anarudi nyumbani na hayo yote kifuani, na nyumbani nako pengine hawajui hasa anafanya kazi gani.

Sisi tunasema hali hii haifai kuendelea, na wa kwanza wenye uwezo wa kuibadilisha ni wakandaji wenyewe. Wafahamiane, wajiunge, wasimamiane. Tunawazungumzia wote: dada wa saluni ya Sinza, mtaalamu wa spa ya hoteli Nungwi, akina mama wanaowachua watalii chini ya vibanda vya makuti Diani, kijana wa Nairobi anayeitwa majumbani kwa simu, bibi wa Mji Mkongwe anayemsinga bi harusi kwa liwa, na yule mchua misuli wa timu ya mpira. Kazi yao ni moja. Lakini kila mmoja anaishi kana kwamba wengine hawapo.

Tuanze na jina, kwa sababu ndilo linalowaumiza zaidi. Mchua misuli wa timu akiingia uwanjani na mkoba wake kumwinua mchezaji aliyeshikwa na mkazo wa misuli, uwanja mzima unajua huyo ni mtu wa kazi. Msichana mwenye ujuzi uleule akisema kwao kwamba anafanya masaji, mazungumzo yanakatika. Sababu inajulikana. Miji yetu ina vyumba vilivyoandikwa masaji mlangoni ambavyo ndani yake hakuna anayekanda mtu. Polisi wakifanya msako, mwenye cheti na asiyejua hata msuli mmoja wanapandishwa gari moja. Picha zikienda mitandaoni, hakuna anayeuliza nani alikuwa na cheti.

Mkandaji mmoja hawezi kulisafisha jina hilo. Akisema "mimi si kama wale", msikilizaji anatabasamu tu. Wakandaji mia wenye kanuni zao, wanaojulikana walipo na wanaokubali kukaguliwa, watasikilizwa. Na hili tunalisema kwa sababu lilishafanyika, tena katika mazingira yanayofanana sana na yetu.

Mwaka 1894, London ilikuwa na kashfa hiihii. Jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, liliandika kuhusu nyumba zilizotangaza masaji huku zikifanya biashara ya ngono. Wanawake waliokuwa wakikanda wagonjwa kwa haki, wengi wao wauguzi na wakunga, walijikuta wamepakwa tope wasilolikanyaga. Wanne kati yao, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, hawakungoja serikali iwatetee. Waliunda chama chao mwaka uleule, wakakiita Society of Trained Masseuses. Wakaandika kanuni chache zilizoweza kusomwa na mtu yeyote. Mwanachama hamkandi mtu bila maelekezo ya daktari. Hamkandi mwanamume mwili mzima, isipokuwa daktari akiomba kwa sababu maalumu. Hatangazi huduma yake kwenye magazeti ya kawaida, ila kwenye ya kitabibu tu. Hamuuzii mgonjwa dawa. Wakaweka na mitihani, ili anayejiita mwanachama awe mtu aliyepimwa.

Miaka 20 baadaye vita kuu ya kwanza ilipoanza, wakandaji 50 waliosomea kazi walitolewa kwenda kuwahudumia askari majeruhi, na kikosi chao kikakua mwaka hata mwaka. Mwaka 1920 chama kikapewa hati ya kifalme. Mwaka 1944 kikachukua jina linalotumika hadi leo, Chartered Society of Physiotherapy. Kwa maneno mengine, mtaalamu wa fiziotherapia anayeheshimika leo katika hospitali za Uingereza ni mrithi wa wanawake wanne waliokataa kuitwa makahaba.

Hatusemi kanuni zao zichukuliwe zote. Ile ya kutowakanda wanaume ingewanyima riziki wakandaji wetu wengi kabla mwezi haujaisha, na ya kungoja daktari haiwezekani kwa mtu aliyekuja tu kupumzisha mabega baada ya wiki ya kazi. Tunachokitaka kwao ni ule mwendo: waliandika sheria zao wenyewe kabla hawajaandikiwa na watu wasioijua kazi. Wakandaji wetu wasipofanya hivyo, siku moja halmashauri itawaandikia, na aliyeziandika atakuwa amesoma habari za misako tu.

Sasa tuje kwenye mwili wa mkandaji mwenyewe, jambo linalozungumzwa kidogo mno. Watu hudhani anayeumwa ni mteja. Waulize waliokanda miaka kadhaa. Maumivu huanzia kwenye kiungo cha chini cha gumba, pale linapoungana na kiganja, halafu yakapanda kwenye kifundo cha mkono, halafu kiuno. Mwanzoni ni maumivu ya jioni. Baadaye ni ya asubuhi. Mwishowe mtu hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya mafuta yake mwenyewe, na anaiacha kazi akiwa bado kijana, akidhani ni udhaifu wake.

Si udhaifu. Mara nyingi ni kutofundishwa, na wakati mwingine ni meza tu. Saluni zetu nyingi zina meza iliyochongwa na seremala kwa kimo kimoja, iwe mkandaji ni mrefu au mfupi. Kipimo chake ni rahisi: simama wima kando ya meza, mikono ining'inie, kunja ngumi. Vifundo vya vidole viiguse meza kwa juujuu. Meza ikiwa juu ya hapo, mabega yatapanda na nguvu yote itatoka mikononi. Ikiwa chini mno, kiuno kitapinda siku nzima. Mrefu anyanyue miguu ya meza kwa magogo yaliyochongwa na kupigiliwa vizuri, mfupi asimame juu ya ubao mpana usioyumba. Na kazi nzito ya kushuka ndani ya msuli isifanywe kwa gumba. Ifanywe kwa kigasha, mkono ukiwa umelala, uzito ukitoka miguuni, mtu akiegemea badala ya kusukuma. Mkandaji wa siku nyingi anayajua haya. Wa mwezi wa tatu hayajui, na hakuna wa kumwambia, kwa sababu huyo wa siku nyingi yuko saluni ya pili na wanahesabiana kama maadui.

Hapa ndipo umoja unapookoa mikono. Wakikutana mara moja kwa mwezi, wakabadilishana zamu ya kukandana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja atapata vitu viwili kwa mpigo: mwili wake utapumzika, na mwenzake ataona anavyosimama na kumsahihisha. Kosa la mgongo uliopinda mtu hajioni mwenyewe. Wakisema kwa sauti moja kwamba kati ya mteja na mteja kuna robo saa ya kupumzika, mwenye saluni atakubali. Akisema mmoja, ataambiwa kuna wasichana kumi nje wanaitaka nafasi yake.

Maarifa ya kumlinda mteja nayo yanahitaji watu zaidi ya mmoja. Chukua mfano wa mtalii aliyeshuka jana kutoka Ulaya, saa 8 na zaidi ndani ya ndege, naye analalamika kwamba mguu mmoja unamuuma nyuma, chini ya goti. Anaomba ukandwe kwa nguvu. Mkandaji akiugusa anakuta umevimba kuliko mwenzake, una joto, na ngozi imekuwa nyekundu. Huo haukandwi. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge likisukumwa linaweza kung'oka likaenda hadi kwenye mapafu na kumuua mtu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda namna hiyo huongezeka karibu mara mbili kwa mtu aliyesafiri ameketi saa 4 au zaidi. Kwa msafiri mwenye afya hatari bado ni ndogo, lakini mkandaji wa pwani anawapokea wasafiri hawa mwaka mzima. Anayestahili kumwona mteja huyo ni daktari, siku hiyohiyo.

Si kila aliyepita kozi fupi amelisikia hilo. Wapo wanaolijua na wakashindwa kulisema, kwa kuwa kumkatalia mteja ni kumkasirisha bosi. Mkandaji mwenye wenzake ana wa kumpigia simu dakika ileile: "Nimekuta mguu wa hivi, nifanyeje?" Na kesho yake bosi akifoka, kuna kanuni iliyoandikwa na kikundi anayoweza kumwonyesha. Vivyo hivyo kwa mwenye homa, mwenye mfupa uliovunjika karibuni, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito aliyeambiwa na kliniki kwamba ujauzito wake una matatizo. Hayo si ya mtu mmoja kuyakisia gizani.

Tunakuja kwenye jambo la usalama, na hapa hatutazunguka. Wakandaji wananyanyaswa na wateja. Mteja anaanza na maneno, anaendelea na utani, kisha anaushika mkono wa mkandaji na kuuelekeza anakotaka yeye. Wengine huuliza bei ya "huduma kamili" kabla hata hawajavua viatu. Mkandaji akilalamika anaambiwa na mwenye biashara amvumilie, huyo ni mteja wa siku nyingi, au anaulizwa alivaaje.

Msimamo wetu ni huu. Mteja akivuka mpaka, mkandaji aondoe mikono, arudi nyuma hatua mbili, aseme huduma imeishia hapo, na atoke. Mlango usiwe na ufunguo kwa ndani. Mteja asirudishiwe hela. Mkandaji alipwe kama aliyemaliza kazi yote, kwa sababu akikatwa malipo kila anapojilinda, mwenye spa anakuwa amemlipa mnyanyasaji. Tunawataka wenye hoteli na saluni walibandike hilo ukutani, mteja alisome kabla hajalala mezani. Hoteli inayojua kubandika saa za kifungua kinywa haishindwi kubandika na hilo.

Sheria ipo, ila haifiki kote. Juni 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini. Unamlinda mfanyakazi hata kama hana mkataba wa maandishi, unamlinda anayejifunza kazi, na unagusa pia unyanyasaji unaofanywa na watu wa nje, wateja wakiwemo. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Lakini saluni gani ya masaji ina wafanyakazi 20? Wengi wanafanya kazi watatu, wanne, au mtu na dada yake. Kwa hao, sera itakayowafikia kwanza ni ile watakayoiandika wao kwa wao.

Anayekwenda majumbani ana hatari zaidi, na kinga yake inaweza kuanza leo bila kungoja usajili wowote. Kabla ya kuingia, atume ujumbe kwa wenzake wawili: mtaa, nyumba, saa anayotarajia kutoka. Saa hiyo ikipita bila neno, mmoja anampigia. Asipopokea, wa pili anapiga, na tayari wanajua wapi pa kwenda na nani wa kumpelekea habari. Watu watatu wenye simu wanatosha kuanza. Tunaonya jambo moja tu. Yapo makundi ya WhatsApp yanayosambaza picha na namba za "wateja wabaya". Tunaelewa hasira iliyo nyuma yake. Hata hivyo Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022, na aliyedhulumiwa anaweza kugeuka mshtakiwa. Tukio liandikwe kwenye daftari na tarehe yake, lipelekwe polisi, na kikundi kimsindikize mwenzao hadi dawati la jinsia. Kwenda pale peke yake ndiko kunakowafanya wengi wanyamaze.

Kuna mizigo mingine isiyo na jina katika daftari la polisi. Watu hulia wakikandwa. Mama aliyefiwa na mtoto, mzee aliyestaafu bila mtu wa kumgusa hata bega, mwanamke mwenye alama za kipigo mgongoni. Mkandaji anayapokea hayo, na hana ruhusa ya kuyatoa nje. Siri ya mteja ni siri, hilo halina mjadala. Lakini mtu anaweza kumwambia mwenzake wa kazi "leo nimebeba kitu kizito" bila kutaja jina wala mtaa, na mwenzake akaelewa, kwa sababu naye amewahi kukibeba.

Pesa, basi. Ufukweni mteja mmoja huitwa na wakandaji watano, na kila mmoja anashusha bei chini ya mwenzake mpaka saa nzima ya jasho inakuwa haitoshi kununua mafuta ya nazi na nauli. Mtalii hakuwaomba washushe. Wameshusha wenyewe kwa kuogopana. Wakikubaliana bei ya chini ambayo hakuna atakayeivuka, na zamu ya kuwapokea wageni, watapata zaidi kwa wateja walewale. Tunajua kukubaliana ni rahisi na kushika ni kugumu, hasa mwezi wa njaa. Ndiyo maana kikundi lazima kiwe na mfuko, ili aliyekosa mteja wiki nzima asilazimike kuuvunja mkataba apate unga.

Mfuko huo si jambo la kubuni. Kibati kinajulikana, VICOBA vinajulikana, na mama lishe wamesomesha watoto kwa njia hizo. Tofauti ni kwamba mkandaji akiumia mkono hana cha kuuza. Kwa hiyo mchango wa kwanza uwe wa mkono ulioumia: mwanachama asiyeweza kukanda kwa mwezi mmoja alipwe kitu. Baada ya hapo kuna mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambao huwapokea waliojiajiri kama wachangiaji wa hiari. Kwa Tanzania Bara, kikundi kilichosajiliwa kina mlango mwingine: halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Meza nzuri, mashuka ya kubadilisha, jiko la kupasha maji, hayo ni maombi halali kabisa. Tatizo ni kwamba kwa kawaida mkopo huo haupewi mtu mmojammoja. Unapewa kikundi.

Wale walioajiriwa hotelini wana njia iliyochongwa tayari. Tanzania ina CHODAWU, na Kenya ina KUDHEIHA, vyama vya wafanyakazi vinavyowahusu watu wa hoteli na wa majumbani. Mfanyakazi wa nyumbani naye aliambiwa miaka mingi kwamba hawezi kujiunga na chama, kwa kuwa yuko peke yake nyuma ya mlango wa mtu. Vyama vikamfuata hukohuko, na mwaka 2011 dunia ikapitisha Mkataba Namba 189 unaomtambua. Kama dada wa kazi aliweza kutoka jikoni mwa watu akaketi kwenye mkutano wa chama, mkandaji wa spa anaweza.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Korea Kusini ilikuwa imewatengea wasioona kazi ya ukandaji. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ikaitengua kanuni hiyo. Wakandaji wasioona waliingia barabarani, wengine wakajitupa mtoni kutoka darajani kwa uchungu, na ndani ya miezi michache bunge likaiweka haki yao ndani ya sheria. Mwaka 2008 mahakama ileile ikaikubali. Hatupendekezi mtu yeyote ahatarishe uhai wake, wala hatusemi kazi hii itengewe kundi moja hapa kwetu. Tunasema bunge lilisikia kwa sababu walikuwa na chama kilichojua wanachama wake ni nani.

Sasa kuna neno la kuambiana wenyewe kwa wenyewe. Kinachovunja vikundi vingi vya wakandaji si polisi wala halmashauri. Ni kuibiana wateja. Dada anamshika mkono mwenzake, anamkaribisha kwake, na baada ya mwezi wateja wake watatu wamehama. Au mwalimu wa kozi anamficha mwanafunzi nusu ya anachojua, asije akawa mshindani. Hili lizungumzwe siku ya kwanza, waziwazi, na liwekewe kanuni: mteja ana uhuru wa kuchagua, lakini mwanachama hamwiti mteja wa mwenzake, na akimpokea kwa dharura anamjulisha mwenyewe. Aliyekwenda likizo ya uzazi anarudishiwa wateja wake. Anayeshindwa na hilo asiingie kwanza.

Na mlango usifungwe kwa wazee. Pwani yetu ilikuwa na wakandaji kabla ya kozi zote. Bibi anayesinga anajua liwa isagwe na maji kiasi gani, na anajua kuyaonja joto mafuta kwenye ngozi laini ya ndani ya kifundo cha mkono kabla hayajagusa mgongo wa mtu. Wapo wanaomhudumia mama aliyejifungua ndani ya siku 40, wakimkanda kwa maji ya moto na wakijua wapi pa kukanda na wapi pa kuacha. Kijana wa chuo anajua majina ya misuli na anajua kwamba maji ya moto mno yanamuunguza mama yule na kwamba damu ikizidi kutoka aende hospitali. Wakikaa meza moja, kila upande una la kujifunza. Wakidharauliana, hoteli zitaendelea kuagiza wataalamu kutoka Bali na Thailand huku ujuzi wetu ukizikwa na waliokuwa nao.

Thailand yenyewe ina la kutufundisha hapo. Elimu yao ya kukanda ilikuwa kwa walimu na familia, na nyingine ikachongwa kwenye mawe ya hekalu la Wat Pho mjini Bangkok. Mwaka 1955 pakafunguliwa shule hapohapo hekaluni. Mwaka 2019 UNESCO ikauingiza ukandaji wa Kithai kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Leo mtu anapanda ndege kwenda kujifunza kwao. Kazi ya mikono ya watu wa kawaida ilikusanywa, ikafundishwa hadharani, ikapewa cheti. Ya kwetu bado inafundishwa uani kwa kunong'ona.

Serikali ina sehemu yake, na tunaitaka iifanye. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini, wakiwemo waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi na wahudumu wa hoteli. Mkandaji wa miaka kumi asiyewahi kukaa darasani apimwe vivyo hivyo, mbele ya watu wanaoijua kazi. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya yenye majaribio yake ya ufundi, ilifikishe zoezi hilo hadi kwa akina mama wa ufukweni, kwa Kiswahili, bila kuwataka waandike insha. Na polisi wanapokwenda kwenye msako, wawe na orodha ya kikundi mkononi, wawaulize viongozi wake kwanza nani ni nani. Orodha hiyo haitatoka wizarani. Italetwa na wakandaji.

Masika ndiyo wakati wa kuanza. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hupunguza wageni, nyingine hufunga kabisa, na wakandaji hurudi kwao au hukaa bila kazi. Badala ya kila mtu kuihesabu mvua kivyake, kumi wanaofahamiana waombe chumba. Mwenye saluni anayejali watu wake akitoe kwa mchana mmoja. Waje na meza moja, daftari moja na chupa za mafuta. Waandike majina na namba za simu, wagawane wawili wawili kwa ajili ya zile simu za usalama, wakubaliane bei ya chini na mchango wa mkono ulioumia, hata ukiwa mdogo. Kisha wapime kimo cha ile meza kwa kila mmoja aliyepo, na aliye mzoefu kuliko wote aanze kuonyesha anavyotumia kigasha.